Pete ya Ncha

Katelembo, Ijumaa alasiri

Mwikali, mwaitu, mama yangu mdogo,

Nimeketi nyuma ya nyumba kwenye kigoda changu, mgongo nimeuegemeza kwenye tangi la maji, kwa sababu huku mama yako hapiti sana na maneno yake. Wewe uko chumbani. Nimesikia ukifungua zipu ya begi, ukaifunga, halafu ukaifungua tena. Hiyo zipu inaniumiza masikio. Mtu anayesafiri kesho hufunga begi mara moja, akalikalia, basi. Anayefungua na kufunga bado anajiuliza kama ataenda.

Mambo ya kula na kulala, na kupiga simu ukifika, na mbu wa ziwani, hayo yote nimemwachia mama yako. Ameyasema tangu Jumatatu na atayasema tena kesho ukiwa umeshashika mlango wa gari. Muthokoi ya mahindi aliyokufungia inatosha kulisha harusi, kwa sababu haamini kwamba huko unakokwenda kuna chakula. "Ziwa lote hilo," aliniambia jana, "na ndani yake ni samaki tu!" Wacha tu. Ibebe, usimvunje moyo.

Mimi niko na jambo moja. Jumamosi iliyopita nilikutupia neno baya, na tangu hapo tunaongea kama wapangaji wa ploti moja. Habari ya asubuhi, nzuri, basi. Halafu jana mama yako akaniambia unataka kumpigia Mwalimu Ochieng' simu, umwambie ile kazi ya kambini ampe mtu mwingine. Ati umesema, "Kama nimevunja ya Baba, za wageni si nitazimaliza?"  Kazi ambayo mwalimu alikuombea kwa mpwa wake, kutunza fimbo za wageni wanaokuja kuvua, kazi ambayo uliposikia habari yake uliruka mpaka ukamwaga ndengu za mama yako, leo unataka kuikataa kwa sababu ya mdomo wangu.

Kwa hivyo naandika. Najijua. Nikija kukuambia ana kwa ana nitaanza vizuri, halafu nitapandisha sauti, wewe utanyamaza, na tutakuwa tumerudi palepale.

Nianze na fimbo yangu yenyewe ya kuvulia. Wewe umeiona ukutani tangu upate akili, na nadhani unaamini baba yako alizaliwa akijua kuitunza. Thubutu! Mimi nilizaliwa katika nyumba ambayo samaki hakuwa chakula. Mzee wangu akimwona samaki sokoni Machakos alikuwa anatema mate na kusema hicho ni kinyoka. Mpaka namwoa mama yako sikuwa nimeonja hata mkia.

Mwalimu Ochieng' ndiye aliyeniharibu. Alikuwa akifundisha sekondari hapa chini, na kila mara aliniletea kiatu kilekile pale kibandani kwangu Kyumbi, soli imeachia, matope yamekauka kisiginoni. Nikamtania, "Mwalimu, kwani wewe unafundisha hesabu ama unalima mpunga?" Akacheka, akaniambia nije nione shamba lake. Jumamosi nikaenda naye mpaka silanga, lile bwawa la kuchota maji. Nilienda kumcheka, nikuambie ukweli. Mtu mzima, na digrii yake, ameshika kijiti anaangalia maji! Akanipa fimbo niishike kidogo aende haja. Hapo ndipo ngege akavuta. Mwikali, nilipiga kelele mpaka wanawake waliokuwa wakichota maji ng'ambo wakadhani nimezama. Samaki mwenyewe alikuwa mdogo kama kiganja. Tangu siku hiyo sikukosa Jumamosi.

Alipohamishwa kurudi kwao aliniachia fimbo, ameifunga kwa gunia, pamoja na lile kopo la rangi ya viatu unalolijua. Ndani kulikuwa na pete za akiba na kipande cha pamba. Akaniambia, "Munyao, samaki utawapata tu. Wewe linda pete." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeambiwa asalimie watu nyumbani. Sikumuuliza nizilinde na nini. Na ile pamba nilidhani ni ya kuzuia pete zisigongane ndani ya kopo.

Leo wewe unaweza kumweleza mtoto yeyote kwamba zile pete saba juu ya fimbo si pambo. Ndani ya kila moja kuna duara jembamba la kauri, laini kuliko sahani, na uzi hupita humo unapotupwa na unapovutwa. Kauri ikipata mkwaruzo, hata ule ambao jicho haliuoni, inakuwa wembe. Inanyoa uzi kidogo kidogo, nawe hujui, mpaka siku samaki mwenyewe amekuja. Mimi haya yote sikuyajua. Nilijua viatu.

Unakumbuka mara ya kwanza tulipojaza uzi kwenye rili ya fimbo, ile inayozungushwa kwa mkono, sisi wawili? Ulikuwa na umri wa miaka minane hivi, meno ya mbele hayapo. Uzi wa mwalimu ulikuwa umekwisha, nikanunua mpya mjini. Tukaketi hapahapa nilipo sasa. Wewe nilikupa kile kigurudumu cha plastiki ambacho uzi mpya unakuja umezungushiwa, nikakipitishia penseli katikati, ukaishika huku na huku kwa mikono miwili. Mimi nashika fimbo, nazungusha rili. Mama yako alikuwa pale mlangoni, mguu ameunyoosha, anasokota katani ya kiondo juu ya paja, na kibakuli chake cha jivu pembeni.

Uzi wa nailoni unateleza, na mimi vidole vyangu vimezoea uzi wa viatu, ule wenye nta. Niliubana, ukaniponyoka. Nikaubana tena, ukaniponyoka. Nikaangalia mama yako anavyochovya vidole kwenye jivu ili katani isimteleze, nikaona, kumbe dawa ninayo hapa nyumbani! Nikateka jivu konzi nzima. Mama yako akaniuliza, "Jivu ni la katani. Hiyo plastiki yako inalitakia nini?" Nikamwambia hii ni kazi ya kiufundi, asiingilie. Akasonya, akaendelea na kiondo chake.

Tukavuta uzi wote ndani ya jivu, Mwikali. Wote. Nikaupitisha kwenye pete zote saba, nikiubana kwa nguvu zangu zote, nikijisifu jinsi unavyokaza. Jivu likawa linapepea, likakupaka uso mzima, ukawa kibibi kidogo chenye mapengo. Ukapiga chafya mpaka penseli ikaanguka na kigurudumu kikabiringika kuku wakakikimbia. Tulicheka mpaka tukashindwa kuendelea. Nikikumbuka siku ile moyo unanijaa hadi leo. Nilikuwa na furaha kabisa, na papo hapo nilikuwa nasaga pete za mwalimu kwa mchanga, maana jivu la jikoni lina mchanga, nani asiyejua? Mimi.

Jumamosi iliyofuata kambare mkubwa akashika. Nilimwona mgongo. Uzi ukakatika kama uzi wa buibui. Nikafunga ndoano nyingine, samaki mwingine, ukakatika tena. Nikaenda dukani Machakos nikamgombeza yule mwenye duka mbele ya wateja wake, nikamwambia anauza uzi uliooza. Akanipa mwingine kwa aibu. Huo nao ukakatika.

Na nani alijua shida iko wapi? Wewe. Ulikuwa unacheza na lile kopo, ukaitoa pamba, ukaanza kusafisha pete masikio, ndivyo ulivyosema, "nazisafisha masikio." Halafu ukaniita. "Baba, hii inang'ang'ania pamba." Nikaja nikaona nyuzi nyeupe zimenasa kwenye kauri. Ukapitisha kwenye nyingine, ikanasa. Ile kubwa iliyo karibu na mkono haikunasa. Nikakaa chini. Ndipo nikajua pamba ya mwalimu ilikuwa ya kazi gani. Kwa hivyo usije ukaniambia hujui. Ulijua kabla yangu, ukiwa huna hata meno.

Yule mwenye duka nilirudi kumwomba radhi. Nilizunguka soko mara kadhaa kwanza, lakini nilirudi.

Pete za akiba kwenye kopo hazikutosha kwa zote zilizoharibika, na mimi nikajiambia, ala, fundi wa viatu ataogopa kitu chenye tundu? Nikachukua vile viduara vya shaba tunavyogongea kwenye tundu za kamba za viatu, nikaviinua kwa waya, nikavibandika kwenye fimbo kwa gundi ya soli. Vilimeta! Nilizunguka navyo Kyumbi nikiwaonyesha watu wa bodaboda. Tukaenda silanga, jua likawaka, gundi ikalainika, na kiduara kimoja kikaachia fimbo kikateleza kwenye uzi, taratibu, kama ushanga, mpaka kikaingia majini kufuata ndoano. Wewe ulicheka mpaka ukakaa kwenye matope. Hata angekuwa mtu mwingine angecheka. Na shaba yenyewe ni laini, hata kile kilichobaki uzi ulikuwa umeshakichimba mfereji.

Lakini mimi sikucheka. Nilikasirika. Nilikunja uzi nikatembea mbele yako mpaka nyumbani bila kugeuka, nawe nyuma yangu unakimbia na kopo, ukisema, "Baba, ningoje." Sikukungoja. Ulikuwa mtoto tu. Kila nikipita ile njia ya silanga, pale penye mawe, naisikia hiyo sauti.

Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuhusu baba yako, na ukilijua litakusaidia na watu wengine huko mbele. Mimi nikikosea peke yangu, nacheka. Nikikosea na mtu ananiona, namkasirikia yule aliyeniona. Sijui nimelitoa wapi. Mzee wangu alikuwa hivyohivyo, na mimi niliapa sitakuwa kama yeye, na tazama.

Baadaye tulijifunza sawasawa, mimi na wewe, mwalimu akitutumia pete nyingine za kujaza kopo na kutuelekeza kwa simu, sauti juu, wewe umeshikilia simu sikioni mwangu kwa sababu mikono yangu ina vanishi. Kukata uzi wa zamani uliofunga pete, wembe ukipita juu ya mguu wa chuma wa pete, usiguse fimbo, maana fimbo ikikatwa ngozi siku moja itavunjika hapohapo. Kufunga uzi mpya, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi. Kupaka vanishi nyepesi na kuiacha. Kuiacha ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nagusa kuona kama imekauka. Pete ya nne ina alama ya kidole changu mpaka leo. Ya tatu ni yako, uliifunga ukiwa darasa la saba, na huwezi kuona mwanzo wa uzi wala mwisho wake. Hivyo vidole ni vya mama yako. Kwangu umechukua masikio tu, pole.

Na jioni zile, Mwikali! Mama yako alikataa samaki asiingie kwenye sufuria zake, tukanunua yetu, akaiita sufuria ya nyoka, na mpaka leo inakaa nje chini ya tangi. Mawe matatu, wewe unapuliza moto, mimi naparua magamba, paka wote wa Katelembo wametuzunguka. Mama yako anapita na ndoo ameziba pua. Halafu siku ile ulipoenda kuchota maji ukarudi ukanigusa kwa kiwiko, "Baba, usigeuke." Niligeuka, sitii kitu mimi. Alikuwa amesimama gizagiza pale pembeni ya jiko anatafuna mkia.  Alikuja akasema tu, "Hamkutia chumvi." Kwa kweli sijawahi kuwa na maisha matamu kuliko yale, na sikujua wakati huo kwamba yanapita.

Sasa Jumamosi. Nitaisema ilivyokuwa, unisahihishe nikidanganya.

Tulitaka kujaza rili, niwe na uzi mpya wa kuvulia ukishaondoka. Ulikuwa umeloweka kitambaa majini ili uubane uzi kwa kitambaa kilicholowa. Ukasema, "Baba, tupitishe pete ya kwanza tu, ile kubwa. Hizo zingine tutapitisha tukimaliza." Ulikuwa sawa. Ukipitisha uzi wa kujazia kwenye pete zote, na fimbo imeinama, kila pete inasuguliwa bure kwa uzi wote ule. Mimi nikasema nimejaza hii rili kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Nikapitisha saba zote. Nikazungusha mbio, kwa sababu nilikuwa na haraka, sijui ya kwenda wapi. Nadhani nilitaka imalizike. Kila nikizungusha nilikuwa nawaza hii ndiyo mara ya mwisho.

Simu yako ikalia, ilikuwa kambi wanauliza kama utafika. Ukageuza shingo. Kigurudumu kikainama, uzi ukanasa ukingoni, nami badala ya kuachia nikavuta. Ukakaza upande upande juu ya pete ya ncha. Tuliisikia wote wawili, tap, kauri ikapasuka ikaangukia nyasini. Na mimi nikafungua mdomo: "Na ndiyo unaenda kushika za watu?"

 Uliweka kitambaa juu ya ndoo, ukakikunja kwanza vizuri, ukaingia ndani. Kule kukikunja kuliniuma zaidi kuliko kama ungenijibu.

Mwanangu, pete ile niliipasua mimi. Aliyepitisha uzi mahali pasipotakiwa ni mimi, aliyezungusha mbio ni mimi, aliyevuta badala ya kuachia ni mimi. Wewe ulisikia simu. Nisamehe. Sikutaka kukuzuia nyumbani kwa lile neno. Ama pengine nilitaka, kidogo, mahali ambapo sikujiona, maana ukibaki nitakuwa na mtu wa kunishikia uzi. Hilo nimelifikiria wiki nzima pale kibandani nikigonga misumari. Kazi ya kujaza rili ni ya watu wawili. Nimekuwa nikisema hivyo kwa miaka, na sikuwahi kuwaza kwamba mmoja wao atakua aende.

Huko utavunja pete. Sikudanganyi. Wageni watatundika ndoano kwenye pete fimbo ikiwa imelala, kwa sababu ndivyo inavyoonekana rahisi, nazo zitapata mikwaruzo usiku kucha chomboni, nawe asubuhi utapitisha pamba na kuona nyuzi zimenasa. Mwingine atavunja moja kwa mlango wa gari. Nyingine utaivunja mwenyewe, umechoka, na mtu anakuita. Ikitokea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu hajatupa uzi majini akampoteza samaki wake. Na kukiwa na mtu anakupigia kelele, msikilize kwanza kama kelele ni ya pete. Wakati mwingine ni ya jambo lake mwenyewe. Mimi baba yako nilikupenda nikipiga kelele, na bado nilikuwa nimekosea.

Pete ya ncha nimeibadilisha leo asubuhi. Ilikuwa ya mwisho ndani ya kopo. Nilipasha ile iliyopasuka moto wa kiberiti mpaka gundi ikaachia, nikaivuta kwa kitambaa, nikasafisha, nikatia gundi mpya nikavisha hii. Imekaa vizuri. Fimbo imeegemea tangi hapa karibu nami, rili tupu, na uzi mpya nilionunua badala ya ule wa Jumamosi bado uko kwenye paketi yake. Nilitaka kumaliza barua hii kwa kukuomba

Naendelea sasa, jua limeshashuka nyuma ya kilima na naandika kwa mwanga wa dirisha la jikoni. Nilikatizwa.

Ulikuja, Mwikali. Unajua ulikuja, lakini naandika hivyohivyo, kwa sababu hukuniona nilivyokuwa. Nilisikia malapa yako nikaweka karatasi chini ya paja. Ulikuwa umebeba beseni la maji na kitambaa kilekile. Ukasema, "Kwani bado hujajaza?" kana kwamba tuliachana jana tukicheka. Nikasema bado.

Ukachukua fimbo. Ukaweka kitako chake shavuni, ukafumba jicho moja, ukatazama pete zote mpaka ncha. Nikangoja unisifu.

"Baba, hii ya ncha umeipinda."

Nilisikia ile hasira ikipanda, ileile ya njia ya silanga. Nikakumbuka nilichokuwa nimetoka kuandika, kiko chini ya paja langu, wino haujakauka. Nikaimeza. Nikauliza, "Imepinda wapi?"

"Njoo uone."

Nikaja, nikaweka shavu pale ulipoweka lako. Niliona imenyooka kabisa. Nikafumba jicho lingine. Imenyooka. Ukasimama nyuma yangu ukanigeuza kichwa kidogo kwa mikono yako miwili, kama kinyozi, na hapo nikaiona. Imeenda kushoto kwa unene wa uzi. Kidogo sana, lakini uzi wote ungekuwa unapita ukisugua upande mmoja wa kauri mpya, na kabla ya Krismasi ningekuwa namgombeza mwenye duka tena.

Hukuningoja niseme lolote. Ukawasha kiberiti, ukapitisha moto chini ya ncha, ukaondoa, ukapitisha tena, ukashika pete kwa kitambaa ukaigeuza. Ukapuliza. Ukatazama. Ukatoa pamba kwenye kopo ukaipitisha, ikatoka nzima. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kiberiti tu. Nilikuwa nimeandika kurasa zote hizi kukuambia kwamba kazi unaijua, na wewe hukuhitaji hata ukurasa mmoja. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi wa kiberiti, ukasema, "Ndiyo, Baba, ni moshi."

Halafu ukaketi kwenye kigoda changu. "Leo mimi nazungusha, wewe shika. Pete ya kwanza tu."

"Pete ya kwanza tu," nikasema.

Nikashika penseli kwa mikono miwili, huku na huku, na kigurudumu kikazunguka mbele ya kifua changu. Uzi ukawa unatoka kwangu unakuja kwako, umelowa, polepole. Ulizungusha kwa utulivu. Simu yako ikalia ukaiacha ilie. Mama yako akachungulia mlangoni akatuangalia, kisha akauliza, "Jivu mnataka?" Tulicheka, wewe ukaacha kuzungusha, na mimi karibu niangushe penseli.

Uzi ulipokwisha kigurudumuni ukaufunga, ukapitisha ncha yake kwenye pete zote zilizobaki, moja moja, ukasimamisha fimbo ukutani, ukaingia ndani. Hatukusema habari ya Jumamosi. Sasa utaisoma humu.

Fimbo inabaki na mimi. Kopo ni lako. Halina pete tena, nimekuwekea ndani pamba safi, wembe na uzi wangu mzuri wa viatu ule mwembamba. Barua hii nitaikunja niiweke chini ya pamba, utaikuta siku utakapopitisha pamba kwenye pete ya kwanza huko.

Naisikia zipu ya begi kutoka hapa. Umeifunga mara moja tu, nami nimengoja kuona kama utaifungua, na hujaifungua.

Baba yako,
Munyao